Ayari Hupita Mlango Gani?

Mwizi avunjaye nyumba huja na chuma mkononi. Huvunja komeo au hutoboa ukuta, na asubuhi wenye nyumba huwaonyesha majirani tundu alilopitia. Lakini yuko mwizi mwingine asiyevunja kitu. Huyu hupiga hodi, hukaribishwa, hupewa kiti na maji ya kunywa, na akiisha kuondoka, wenye nyumba humsindikiza mpaka njiani na kumwambia, "Karibu tena." Siku ya tatu au ya kumi ndipo wanapotambua kwamba wameibiwa. Mtu wa namna hii kwa Kiswahili huitwa ayari, na kazi yake huitwa hadaa, au ulaghai, au udanganyifu.

Watungaji wa hadithi wamemwandika ayari tangu zamani sana, na watengenezaji wa sinema nao wamemchukua. Kwa nini wamempenda hivi? Ukizisoma hadithi hizo kwa makini utaona kwamba mtungaji mwema hamtazami ayari peke yake. Humtazama sana yule anayedanganywa, akauliza: Je, mlango ulifunguliwa na nani? Maana ayari hana ufunguo. Hungoja tumfungulie sisi wenyewe. Mmoja humfungulia kwa tamaa, wa pili kwa aibu, wa tatu kwa hofu, wa nne kwa upendo. Katika somo hili tutaitazama milango hiyo minne, kila mmoja katika hadithi yake. Kisha tutautazama mlango wa tano, ambao ni wetu sisi tunaosoma na kutazama.

1. Mlango wa tamaa

Mwaka 1870 kilichapishwa mjini London kitabu cha hadithi za Kiswahili alizozikusanya Edward Steere, mmisionari aliyekaa Unguja, ambaye baadaye alifanywa Askofu. Watu wa Unguja ndio waliomsimulia. Mojawapo ya hadithi hizo ni Kisa cha Punda wa Dobi, nacho kina hila ndani ya hila.

Palikuwa na kima aliyekaa juu ya mkuyu uliosimama kando ya bahari. Papa alikuja chini ya mti kila siku, na kima akawa akimtupia matunda, hata wakawa marafiki. Siku moja papa akamwalika kima kwao, akampakia mgongoni. Walipofika katikati ya maji papa akamfunulia siri: sultani wao ni mgonjwa sana, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima hakupiga kelele. Alimwambia papa kwamba amekosa kutomwarifu mapema, kwa kuwa kima wakienda matembezi huiacha mioyo yao mitini. Basi na warudi wakauchukue. Papa akageuka. Walipofika pwani kima aliruka juu ya mti wake, wala hakushuka tena. Papa alipomwita, kima akamwuliza kama anamdhani kuwa ni punda wa dobi, kisha akamsimulia habari za punda huyo.

Punda jike wa dobi mmoja alikimbilia mwituni, akala, akanenepa. Sungura akamwona, akaenda kumpasha habari simba, aliyekuwa dhaifu kwa ajili ya ugonjwa. Kisha sungura akamwendea punda na posa: simba mwenyewe anataka kumwoa. Punda akafurahi mno, akafuata. Alipofika, simba akamrukia; punda akampiga mateke, akakimbia. Hapo mtu angedhani kisa kimekwisha. Lakini baada ya siku kupita sungura alimrudia punda na posa ile ile, akamweleza kwamba ile ndiyo tabia ya simba tu, hakukusudia mabaya. Punda akafuata tena, na safari hii hakurudi. Simba akaagiza awekewe moyo na masikio. Sungura akavila yeye kwa siri. Alipoulizwa viko wapi, akajibu kwamba mnyama huyu hakuwa na moyo wala masikio, maana kama angalikuwa navyo asingalirudi mara ya pili.

Mara ya kwanza punda alidanganywa na sungura. Mara ya pili alijidanganya mwenyewe, kwa kuwa alikuwa amekwisha kuyaona makucha kwa macho yake. Tamaa ya kuwa mke wa mkubwa wa mwitu ilikuwa na nguvu kuliko ushahidi wa macho. Ndiyo maana wahenga walisema, Tamaa mbele, mauti nyuma.

Tena tuangalie jambo moja zaidi. Kima alisema uongo, na sungura alisema uongo; nasi tukisikiliza huwacheka wote wawili kwa kicheko kimoja. Lakini kima aliiokoa roho yake mkononi mwa mwenye nguvu, na sungura aliitwaa roho ya mnyonge ili ajipatie nyama. Msomaji mwenye akili hupima hila kwa kuuliza: Nani ameumia?

2. Mlango wa aibu

Hans Christian Andersen, mtungaji wa Denmark, alichapisha hadithi ya Nguo Mpya za Mfalme mwaka 1837. Ayari wawili walimjia mfalme apendaye mavazi, wakajifanya kuwa wafumaji. Walisema kwamba kitambaa chao ni kizuri ajabu, lakini hakionekani kwa mpumbavu, wala kwa mtu asiyestahili kazi aliyopewa. Wakapewa hariri na dhahabu, wakazificha, wakaketi wakifuma hewa tupu.

Mfalme akamtuma waziri wake wa zamani aende akatazame. Waziri huyu alikuwa mzee mwaminifu. Hakuona uzi hata mmoja, akaogopa moyoni mwake kwamba labda hastahili uwaziri, akakisifu kitambaa. Akatumwa wa pili, naye akakisifu. Mfalme mwenyewe akaenda, asione kitu, akawapa ayari heshima kubwa. Siku ya maandamano akapita mjini bila nguo, na watu wote wakashangilia, mpaka mtoto mdogo aliposema wazi kwamba mfalme hakuvaa kitu.

Ajabu ya hadithi hii ni kwamba hapana mtu aliyesadiki uongo ule. Kila mmoja aliijua kweli. Lakini kila mmoja alidhani yu peke yake katika kuijua, akaona haya kuisema. Kwa hiyo hadaa haihitaji wajinga tu. Yaweza kuwanasa wenye cheo, wenye elimu na waaminifu, mradi waogope kuonekana wajinga.

Mzizi wa hadithi hiyo ni wa kale zaidi. Mwaka 1335 Don Juan Manuel wa Uhispania alimaliza kitabu chake kiitwacho El Conde Lucanor, na ndani yake imo hadithi ya ayari watatu na kitambaa chao. Hao walisema kwamba hakioni mtu isipokuwa ni mwana halisi wa baba yake. Mfalme alikipenda kwa sababu alitumaini kuwajua kwa njia hiyo wasio wana halali, awanyang'anye urithi wao na kuijaza hazina yake. Kisha hakukiona yeye mwenyewe, akaogopa kupoteza ufalme. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Katika hadithi hiyo ya kale aliyesema kweli hakuwa mtoto. Alikuwa mtu mweusi, mtunza farasi wa mfalme, asiye na cha kupoteza. Tazameni basi: mara moja ni mtoto, mara nyingine ni mtumishi wa zizi. Asiye na cheo cha kulinda ndiye aliyeweza kutumia macho yake.

3. Mlango wa hofu

Mwaka 1836 watu wa St. Petersburg nchini Urusi walitazama mchezo mpya wa Nikolai Gogol, ambao umefasiriwa kwa Kiswahili kwa jina la Mkaguzi Mkuu wa Serikali. Habari zake ni hizi. Katika mji mdogo ulio mbali, mkuu wa mji anapata habari kwamba mkaguzi anakuja kutoka mji mkuu, naye atakuja kwa siri. Wakubwa wote wakatetemeka, kwa kuwa kila mmoja amekula rushwa au ameiharibu kazi yake. Hospitali ni chafu, mahakama haina haki, na wafanya biashara wameonewa.

Wakati huo huo, katika nyumba ya wageni ya mji ule, alikuwako kijana aitwaye Khlestakov, karani wa cheo cha chini aliyepoteza fedha zake katika karata. Hakuweza kulipia chakula wala chumba. Watu wawili wapendao maneno wakamwona, wakapeleka habari kwamba bila shaka huyu ndiye mkaguzi. Mkuu wa mji akaenda kumwona. Kijana akaogopa kwamba amekuja kumfunga kwa deni. Mkuu akaogopa kwamba kijana amekuja kumfukuza kazini. Wakasimama wawili hao, kila mmoja akimtetemekea mwenziwe.

Basi kijana akahamishiwa nyumbani kwa mkuu, akalishwa, akanyweshwa, na wakubwa wakaja mmoja mmoja kumkopesha fedha wasizotumaini kurudishiwa. Akaanza kujisifu kwa maneno makubwa, na jinsi uongo wake ulivyozidi ndivyo walivyozidi kumsadiki. Mwisho akamposa binti wa mkuu, kisha akaondoka. Baadaye mkuu wa posta akaifungua barua aliyomwandikia rafiki yake, na barua ile ikafunua yote. Wakiwa bado wanalaumiana, akaingia askari kuwaarifu kwamba mkaguzi wa kweli amefika. Wote wakaganda kama sanamu, na pazia likashuka.

Khlestakov hakupanga kumdanganya mtu. Ayari alitengenezwa na hofu ya wakubwa wale, na hofu yao ilitokana na makosa yao wenyewe. Mwenye hesabu safi angalimtazama kijana yule na kumdai fedha za chakula. Ndipo twaona kwamba unyofu ni zaidi ya kuwa wema mbele za Mungu na watu. Ni boma pia. Mtu asiye na la kuficha ni mgumu kutishwa.

4. Mlango wa upendo

Mpaka hapa yaweza kuonekana kwamba wanaodanganywa ni wenye makosa tu. Si hivyo. Mlango wa nne hufunguliwa na wema wenyewe, nao ndio wenye kuhuzunisha kuliko yote.

William Shakespeare alitunga mchezo wa Othello karibu na mwaka 1604. Othello ni mtu mweusi, jemadari shujaa wa Venice, naye amemwoa Desdemona, nao wanapendana. Chini yake yuko Iago, ambaye ana kinyongo kwa sababu cheo alichokitaka amepewa Cassio. Watu wote humwita Iago mnyofu, na Othello humwamini kuliko wote.

Iago hakuja na uongo mkubwa. Alianza kwa kunyamaza kama mtu mwenye neno asilopenda kulisema. Othello akamsihi aseme. Na kwa kuwa alimsihi, aliyoyasikia aliyaona kuwa ni siri iliyotoka kwa rafiki mwenye uchungu. Alimwambia kwamba Desdemona na Cassio wanapendana kwa siri. Kisha ikaja leso. Othello alikuwa amempa mkewe leso iliyokuwa ya mama yake. Desdemona akaiangusha, mke wa Iago akaiokota, akampa mumewe, naye Iago akaitupa chumbani mwa Cassio. Othello alipoiona mkononi mwa mtu mwingine, aliona kuwa ni ushahidi wa kutosha. Akamwua mkewe asiye na kosa. Mara baada ya hayo mke wa Iago alifunua kweli, na Othello, alipojua alilolitenda, akajiua.

Katika dakika za mwisho za mchezo huo Othello anamwuliza Cassio ameipataje leso ile, na Cassio anajibu kwamba aliikuta chumbani mwake. Swali ni fupi, na jibu ni fupi. Kama lingaliulizwa siku moja kabla, mbele ya watu, Desdemona angaliishi. Shakespeare hamlaumu Othello kwa kupenda wala kwa kuamini, maana asiyeamini mtu hawezi kuwa na ndugu wala rafiki. Anatuonyesha kwamba kumwamini rafiki mmoja hakutuondolei wajibu wa kumwuliza na yule anayeshitakiwa.

5. Mlango wetu sisi

Katika hadithi tulizozitazama, mtungaji ametupa kiti kizuri. Tunamwona sungura akila moyo; tunamwona Iago na leso mkononi. Tunayajua asiyoyajua punda, na asiyoyajua Othello. Lakini sinema yaweza kutunyang'anya kiti hicho, ikatuketisha pamoja na wanaodanganywa.

Mwaka 1973 ilitoka sinema ya Kimarekani iitwayo The Sting. Habari zake ni za mwaka 1936, wakati wa dhiki kuu ya fedha, katika mji wa Chicago. Ayari wawili wanataka kulipiza kisasi kwa tajiri mwovu aliyeamuru rafiki yao auawe. Wanakodi nyumba, wanaijaza makarani wa uongo na wateja wa uongo, wakaifanya ionekane kuwa ni mahali pa kucheza kamari ya mashindano ya farasi. Tajiri anaingia kwa kiburi na tamaa, anapoteza fedha nyingi. Lakini mwishoni watazamaji hugundua kwamba nao wamedanganywa: watu waliodhaniwa kuwa wapelelezi wa serikali walikuwa wamo katika hila, na waliodhaniwa kufa wanainuka na kucheka. Sinema hiyo ilipata tuzo 7 za Oscar. Watu walifurahi kudanganywa, wala si vibaya, maana walilipa wenyewe waone mchezo, wakarudi nyumbani salama.

Lakini furaha hiyo ina hatari yake. Mwaka 1980 Mmarekani aitwaye Frank Abagnale alitoa kitabu cha maisha yake. Humo alisimulia jinsi alivyojifanya rubani wa ndege, daktari na mwanasheria akiwa bado kijana mdogo, akiyadanganya mabenki kwa hundi za kughushi huku akizunguka duniani. Mwaka 2002 Steven Spielberg alikifanya kitabu hicho kuwa sinema, Catch Me If You Can, na watu wengi mno wakampenda kijana yule mwerevu. Baadaye wachunguzi walipekua kumbukumbu za serikali. Waliona kwamba katika sehemu kubwa ya miaka ile, aliyosema alikuwa akiruka angani, alikuwa kifungoni katika jimbo la New York. Waliona tena kwamba mwaka 1969 alihukumiwa katika mji wa Baton Rouge kwa wizi na kughushi. Na mojawapo ya walioibiwa ilikuwa jamaa iliyompokea nyumbani kwake kama mgeni.

Yapimeni mambo haya mawili. Katika sinema, walioibiwa ni mabenki na makampuni makubwa ya ndege, nasi hatuoni mtu akilia. Katika kumbukumbu za mahakama, walioibiwa ni watu wa nyumba moja waliompa mgeni chakula. Tumekwisha kusema kwamba msomaji mwenye akili huuliza: Nani ameumia? Hadithi ikimpamba ayari na kumficha aliyeumia, basi yenyewe inakuja kwetu kama ayari, na mlango inaoupita ni hamu yetu ya kustaajabia werevu.

6. Hadaa hurudi kwao

Hadithi ambayo haikumficha aliyeumia, wala haikumficha ayari na malipo yake, tunayo katika kitabu cha Mwanzo. Yakobo, kwa shauri la mama yake Rebeka, alivaa nguo za Esau nduguye, akafunikwa ngozi za wana-mbuzi mikononi na shingoni, akamwendea baba yake Isaka aliyekuwa kipofu kwa uzee. Isaka aliona shaka. Sikio lake lilimwambia jambo moja, mikono yake ikamwambia lingine. Akaifuata mikono, akambariki mwana asiyemkusudia. Esau aliporudi kutoka mawindoni alilia kwa sauti kuu, na kilio chake kimeandikwa ili sisi tukisikie.

Yakobo akakimbia mpaka kwa Labani, mjomba wake. Huko alitumika miaka 7 ili ampate Raheli. Na usiku wa arusi Labani akamletea Lea, dada mkubwa. Yakobo, aliyejifanya ndugu mkubwa gizani mwa macho ya baba yake, akapewa dada mkubwa katika giza la usiku. Akatumika miaka 7 tena. Miaka mingi ikapita, akawa mzee mwenye wana wengi. Ndipo wanawe walipomwuza Yusufu ndugu yao, wakaichovya kanzu yake katika damu ya mbuzi, wakampelekea baba yao. Yeye aliyemdanganya baba yake kwa ngozi ya mbuzi alidanganywa na wanawe kwa damu ya mbuzi. Mwandishi haandiki neno la kutuelekeza tuone jambo hilo. Amemweka mbuzi mahali pawili tu, akatuachia tukumbuke.

Sasa turudi katika siku zetu. Leo ayari hana haja ya kuja kwa miguu. Huja kwa simu. Humwandikia mtu kwamba ameshinda zawadi, lakini kwanza atume fedha kidogo: huo ni mlango wa tamaa. Au humwambia kwamba akiba yake itafungwa leo hii asipotaja namba yake ya siri: huo ni mlango wa hofu. Au humwambia mama kwamba mwanawe yu hospitali, fedha zahitajiwa sasa hivi: huo ni mlango wa upendo. Na aliyekwisha kuibiwa hunyamaza asichekwe, na kwa hiyo jirani yake huibiwa kesho: huo ni mlango wa aibu. Milango ni ile ile ya punda, ya mkuu wa mji, ya Othello na ya waziri mzee.

Wengi wenu ninyi wanafunzi ndio mnaowasomea babu na bibi zenu maneno yanayokuja katika simu. Kumbukeni basi mambo matatu. La kwanza, ngojeni, maana ayari hapendi kungojewa, na jambo la kweli halitaharibika kwa kulala usiku mmoja. Na kama wasema ni la haraka, mpigieni mwenyewe anayetajwa, kwa namba mliyoijua tangu zamani. La pili, ulizeni yule aliyetajwa, kama Othello alivyopaswa kumwuliza Cassio. La tatu, mkiona mfalme hana nguo, semeni. Semeni kwa adabu, maana mwasema na wakubwa: "Babu, naomba tungoje kidogo tukamwulize shangazi kwanza." Msione haya kwa kuwa ninyi ni wadogo. Katika hadithi ya Andersen mji mzima ulikuwa na macho, lakini aliyeyatumia alikuwa mdogo kuliko wote.

MASWALI

1. Tofauti ya mwizi na ayari ni nini?
2. Kwa nini twasema kwamba punda alijidanganya mwenyewe mara ya pili?
3. Kima na sungura wote walisema uongo. Je, uongo wao ni wa namna moja? Toa sababu zako.
4. Waziri mzee alikuwa mtu mwaminifu. Ilikuwaje, basi, akasema asiyoyaona?
5. Mkuu wa mji angalifanya nini kama hesabu zake zingalikuwa safi?
6. Othello angalimwuliza nani, na lini?
7. Taja mahali pawili ambapo mbuzi ametumiwa katika habari za Yakobo. Mwandishi anatufundisha nini?
8. Andika kwa maneno yako hadithi fupi ya hadaa uliyoisikia nyumbani kwenu. Usimpambe ayari. Mwandike yule aliyeumia, na mlango uliofunguliwa.